Tuzo ya Aliyesimama Nyuma

Nilizaliwa Gatwekera, wadi ya Sarang'ombe, Kibera, na mpaka sasa naishi humo. Nina mke na watoto, nina kazi ya ufundi umeme inayonipa riziki, na kila Jumamosi nawafundisha vijana wa mtaa wetu raga. Nilipokuwa na miaka kumi na sita hakuna aliyetarajia nifike hapa, hata mimi mwenyewe. Namshukuru Mungu. Namshukuru pia mwalimu mmoja aliyefanya jambo dogo mno, lisilomgharimu hata mshahara wa siku moja: alisimama mbele ya watu akataja jina langu kwa kazi ambayo kwa kawaida haitajwi. Ushuhuda wangu ni wa jambo hilo, na wa jinsi nilivyokuja kujua, miaka mingi baadaye, kwamba kuna mtu huko Marekani ambaye kazi hiyohiyo imepewa tuzo rasmi yenye jina lake.

Babangu alikuwa muuza viatu vya mitumba katika soko la Toi. Alikuwa na kibanda chake na wateja wake wa Kilimani na Woodley, na alivipiga viatu brashi mpaka mnunuzi akasahau kuwa vimewahi kuvaliwa. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulipoishia katika matokeo yaliyobishaniwa, Kibera iliwaka. Reli inayokatiza mtaa wetu tangu enzi za ukoloni iling'olewa. Toi ilichomwa, na kibanda cha babangu kikateketea pamoja na mali yote, nyingi ikiwa ya mkopo. Kote nchini watu zaidi ya 1,100 waliuawa kabla ya Kofi Annan kuwaketisha viongozi mezani na mkataba kutiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Amani ilirudi. Mali ya babangu haikurudi, na waliomdai hawakusahau. Machi alipatwa na kiharusi, upande mzima wa kulia ukafa ganzi. Agosti tulimzika.

Mimi ni kifungua mimba, nyuma yangu wapo wadogo zangu watatu. Mamangu aliuza omena na sukumawiki kando ya njia inayoelekea Olympic. Mwaka huohuo wa 2008 serikali ilikuwa imeanza kulipia masomo ya shule za upili za kutwa, shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na watu wa nje walidhani basi shida imekwisha. Waliobaki na hesabu ya chakula cha mchana, sare, vitabu na pesa za mtihani walijua kuwa haijaisha. Nilikuwa kidato cha pili. Babangu alipolazwa niliacha shule nikaenda mjengo Kilimani, ambako maghorofa yalikuwa yakiota kila kona. Nilibeba kokoto na maji ngazi kwa ngazi kwa shilingi mia mbili kwa siku. Hakuna aliyenituma. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine mwenye mabega ya kubebea.

Raga nilikuwa nimeianza kidato cha kwanza. Katika mtaa wetu mchezo wa wengi ni soka, lakini ukitoka Sarang'ombe ukapanda kupitia Ayany, ukavuka Kibera Drive na mtaa wa Jamhuri, unafika Ngong Road, na hapo upo uwanja wa RFUEA, nyumba ya raga ya Kenya tangu 1955. Siku za Safari Sevens, mashindano yaliyoanza 1996, makelele ya mashabiki yalikuwa yakitufikia sisi watoto tuliosimama nje bila tiketi. Hivyo mwalimu wetu alipoleta mpira wa umbo la yai shuleni, sikuuona kuwa kitu kigeni.

Alinipanga fulbeki, namba kumi na tano. Asiyeijua raga nimweleze kazi hiyo. Wenzako kumi na wanne wako mbele wanasukumana. Wewe uko nyuma yao, hatua arubaini hivi, peke yako. Mpinzani akiona amebanwa anaupiga mpira juu kabisa angani, kisha wenzake wanatimua mbio kuja mahali utakapoangukia, yaani kwako. Wewe huruhusiwi kuwatazama. Unatazama mpira. Unawasikia tu: kwanza miguu kwa mbali, halafu pumzi, halafu mtu anapaza sauti kukutisha.

Mwalimu alitufundisha kudaka kwa utaratibu ambao naufundisha mpaka leo. Kwanza unaita, "Wangu!" kwa sauti ya kumfikia kila mwenzako, ili mtu mwingine asije akagongana nawe. Pili unaligeuza bega upande mmoja, ili mpira ukikuponyoka uangukie nyuma, usiende mbele ukawa kosa. Mikono unainyoosha usawa wa macho, viwiko vikikaribiana, vidole vimetawanyika. Ukiruka unatanguliza goti. Mpira ukigusa vidole unauvuta kifuani, na hapohapo unainama, kwa sababu atakayekuangusha keshafika. Ukidaka vizuri hakuna anayepiga makofi, maana watu wanaona umefanya ulichotakiwa kufanya. Ukiuangusha, uwanja mzima unakujua.

Nilipoacha shule, mwalimu yule alikuja nyumbani. Alimkuta mamangu anachambua omena mlangoni.

"Hodi, mama. Nimekuja kwa heshima, kuhusu kijana."

"Karibu, Mwalimu. Keti hapo. Chai haipo, utanisamehe."

"Chai nitakunywa siku nyingine. Naomba Jumamosi umwachilie aje mazoezini hata kama hayuko darasani. Timu bado ni yake."

Mamangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, huyu siku hizi ndiye baba wa nyumba. Lakini Jumamosi alasiri nakupa."

Basi nikawa nafanya mjengo mpaka saa sita mchana siku ya Jumamosi, kisha natembea kwenda mazoezini nikiwa na vumbi la saruji kwenye nywele. Nilimzika babangu, na Jumamosi iliyofuata nilikuwa uwanjani. Sikuwa na mahali pengine pa kupiga kelele. Kule nyuma niliita "Wangu!" kwa sauti ambayo nyumbani nisingeithubutu, mbele ya mama na wadogo zangu.

Mwisho wa muhula wa tatu palikuwa na mashindano madogo ya shule za Nairobi. Hatukushinda. Zawadi zilitolewa kwa utaratibu wa siku zote: timu bingwa, aliyefunga trai nyingi, nahodha bora. Watu walikuwa wameanza kuondoka mwalimu wetu alipoomba dakika moja. Alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi. Akasema, na maneno yake nayakumbuka vizuri, "Ninayo zawadi moja isiyomo kwenye orodha. Ni ya mtu aliyesimama nyuma siku nzima. Mpira ulipigwa juu, wakaja wanne, wakaja watano, yeye hakukimbia." Kisha akataja jina langu, la kwanza, la pili na la babangu.

Ndani ya mfuko palikuwa na viatu vya raga vilivyonunuliwa Toi, soko ambalo wachuuzi walikuwa wamekwisha kulijenga upya kwa mabati na mbao. Vilikuwa vimeoshwa na kutiwa kamba mpya nyeupe. Pamoja navyo palikuwa na kadi iliyokatwa kwenye katoni ya unga, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: MDAKAJI BORA. Viatu vile vilinibana kidogo vidoleni. Nilivivaa mpaka vikaisha.

Tuzo ile haikulipa deni hata moja. Haikumfufua babangu. Ninachoshuhudia ni hiki: tangu mwezi wa Januari mwaka ule nilikuwa nikipokea mambo mazito, moja baada ya jingine, na kila mtu aliona ni wajibu wangu kuyapokea. Mimi ni wa kwanza kuzaliwa, mimi ni mwanamume, basi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mamangu alikuwa amelemewa kuliko mimi. Lakini mtu akibeba bila kuonekana, hufika mahali akaanza kuamini kuwa hayupo. Siku ile nilijua nipo. Mtu mzima mwenye akili zake alikuwa amenitazama mwaka mzima, akahesabu nilichokifanya, akasimama mbele ya watu kukisema.

Na mambo yalianza kusogea. Mamangu aliibandika kadi ile ukutani, juu ya mtungi wa maji, na kila aliyeingia aliisoma. Mama mmoja mwenye kibanda cha chakula karibu na shule aliposikia habari zangu alikubali nile mchana kwa mkopo na kulipa likizo ikifika. Mzazi wa mwenzangu, aliyekuwa mkandarasi mdogo, alinichukua wikendi na likizoni niwe msaidizi wa fundi umeme wake. Januari 2009 nilirudi shule, nikarudia kidato cha pili, na nikamaliza kidato cha nne. Ule usaidizi wa wikendi ndio ulionipa ufundi. Baadaye nilifanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, nikapata cheti, na kutoka hapo sijabeba tena kokoto.

Sasa nieleze nilivyokutana na habari za Marekani. Julai 2013 tulisikia kwamba Daniel Adongo, mwanaraga Mkenya aliyekuwa amecheza New Zealand na Afrika Kusini, ametia saini na Indianapolis Colts, klabu ya futiboli ya Kimarekani. Hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kucheza katika ligi yao kuu, NFL. Desemba mwaka huo alishuka uwanjani, akawa wa kwanza. Mimi na wenzangu tulikuwa tukitafuta vipande vya video vyake kwenye simu, tukibanana watu wanne kwenye kioo kimoja. Tulishangaa kwamba hakuwa akionekana sana wakati wa mchezo wa kawaida. Alionekana mpira unapopigwa. Mpira ukiruka tu, Adongo alikuwa miongoni mwa wale wanaotimua mbio kwenda chini kumwangusha anayeudaka.

Macho yangu yalimtafuta yule wa upande wa pili. Kule mwisho wa uwanja alikuwapo mtu amesimama peke yake, ametazama juu, na watu kumi na mmoja wanakuja kwake. Kazi yangu, katika mchezo ambao hata kanuni zake sikuzijua. Kwao anayo ruhusa ya kupunga mkono juu kuashiria kwamba ataudaka tu bila kukimbia, na hapo haruhusiwi kuguswa. Asipopunga, anadaka na kuingia katikati yao. Nikauliza, nikasoma, na ndipo nikakutana na jina la Johnny Rodgers.

Rodgers alizaliwa 1951 na kulelewa Omaha, katika jimbo la Nebraska, upande wa kaskazini wa mji ambako watu weusi waliishi na ambako umaskini haukuwa hadithi. Hakuwa pande la mtu. Chuo Kikuu cha Nebraska kilimchukua kwa wepesi wake, na kikawa bingwa wa taifa wa vyuo misimu miwili mfululizo, 1970 na 1971. Tarehe 25 Novemba 1971 Nebraska, iliyokuwa ya kwanza nchini, ilicheza ugenini na Oklahoma iliyokuwa ya pili, na zote mbili hazikuwa zimefungwa. Waamerika huuita mchezo wa karne. Dakika za mwanzo tu Oklahoma waliupiga mpira juu. Rodgers aliudaka. Mpinzani wa kwanza alimfikia papo hapo; Rodgers akayumba, akajizuia kwa mkono chini, akachomoka, akapita yadi 72 mpaka mwisho. Nebraska walishinda 35 kwa 31. Mwaka uliofuata alipewa Heisman, tuzo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo, na jezi yake namba 20 ikastaafishwa.

Nimezitazama mbio zile mara nyingi. Vijana wangu wanapenda chenga zake. Mimi huwasimamishia video pale anapoudaka, niwaonyeshe mkono unapogusa nyasi. Watu wengi wangeanguka pale, na hakuna ambaye angewalaumu.

Lakini sehemu iliyonigusa zaidi ni ile ambayo wengi wangeificha. Mwishoni mwa mwaka wake wa kwanza chuoni, mwaka wa 1970, Rodgers alihusika katika wizi wa kituo cha mafuta. Alikiri kosa, akapewa kifungo cha nje. Kila alipong'aa uwanjani, jambo hilo lilitajwa pamoja na jina lake. Baada ya chuo alicheza Kanada, Montreal Alouettes, kisha San Diego Chargers, na goti likamkatiza. Miaka mingi baadaye alirudi chuo kikuu akamaliza masomo aliyoyaacha. Mwaka wa 2013, zaidi ya miaka arubaini tangu kosa lile, bodi ya msamaha ya jimbo la Nebraska ilimsamehe rasmi. Mimi natoka mtaa ambao kijana akikosea mara moja, jina lake hubaki kwenye daftari la polisi na midomoni mwa majirani milele. Nilipojua kwamba mtu anaweza kusubiri miaka hiyo yote, akiendelea kuishi na kutenda, mpaka wale waliomhukumu wakasema basi, imetosha, niliwasomea vijana wangu habari hiyo uwanjani. Wapo wawili walioihitaji siku hiyo kuliko mazoezi.

Mwaka wa 2011 ilianzishwa tuzo yenye jina lake la utani, Jet Award. Hupewa mchezaji wa chuo aliyefanya vyema kuliko wote nchini katika kurudisha mipira iliyopigwa. Wa kwanza kuipata alikuwa Joe Adams wa Arkansas, na mwaka wa 2015 ikaenda kwa Christian McCaffrey wa Stanford, ambaye siku hizi jina lake ni kubwa. Hafla yake hufanyika Omaha, mji aliokulia Rodgers. Fikiria hilo. Mtu ana Heisman kabatini, anaweza kukaa akahadithiwa sifa zake mpaka kaburini. Jina lake badala yake limewekwa juu ya kazi ya yule anayesimama nyuma peke yake, ili kila mwaka kijana mwingine aitwe mbele ya watu.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mwalimu wangu na mfuko wake wa plastiki. Alikuwa amefanya jambo hilohilo miaka mitatu kabla, bila kumjua Rodgers, bila hafla, kwa katoni ya unga.

Kwetu Kenya tumejua kutaja majina. Watu wazima wote wanakumbuka jinsi sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni ilivyofanya "Kadenge na mpira" kuwa msemo wa taifa zima. Lakini wengi wa mashujaa wetu tunawakumbuka kwa sauti kubwa wakiwa wamekwisha kulala. Joe Kadenge, mwanasoka wa msemo huo, alipofariki Julai 2019, rambirambi zilimiminika kutoka kila pembe. Benjamin Ayimba ndiye kocha aliyeipeleka Kenya Singapore mnamo Aprili 2016, tukawafunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali na kutwaa kombe letu la kwanza kabisa la mfululizo wa dunia wa raga ya saba. Siku hiyo Sarang'ombe wale wasiojua hata kanuni za raga walipiga sufuria. Miaka mitano baadaye, Mei 2021, wanaraga walikuwa wakichangishana pesa za matibabu yake. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Alifariki tarehe 21 mwezi huo. Nilisoma sifa alizopewa wiki ile nikalia, kwa sababu zilikuwa za kweli na yeye hakuwapo kuzisikia.

Kwa hiyo sisi makocha wa mtaa tuliamua. Kila Desemba tunapofunga msimu, tunatoa tuzo ya mdakaji. Haiendi kwa mfungaji wa trai nyingi, yeye anayo yake. Tunamtafuta aliyesimama nyuma. Zawadi ni viatu kutoka Toi, vilivyooshwa na kutiwa kamba mpya, na kadi ya katoni. Jina linatajwa kamili, pamoja na la mzazi, na mzazi au mlezi anaalikwa awepo.

Mwaka wa 2020 ulitujaribu. Shule zilifungwa Machi, michezo ikapigwa marufuku, kafyu ikawekwa. Wengi walirudi darasani Januari 2021 tu. Mimi mwenyewe nilikaa wiki na wiki bila kazi, maana hakuna aliyetaka fundi aingie nyumbani kwake, na unga tulipimiwa. Msimu haukuwapo, na wenzangu wakauliza tuzo tutampa nani. Nikawaambia tuzunguke mlango kwa mlango tuwaone vijana wetu. Katika nyumba moja ya Soweto Magharibi tulimkuta msichana wa timu yetu, wa miaka kumi na minne, anawasomesha wadogo zake kwa redio na kitabu kimoja kilichochanika, na mlango wa pili watoto wa jirani wamekaa chini wanamsikiliza. Mama yake alikuwa kibarua Lavington, anatoka alfajiri na kurudi jioni akikimbizana na kafyu. Msichana yule alikuwa anapika, anafua, anachota maji, halafu anafundisha. Hakulalamika kwetu. Alituomba chaki.

Tulimpa tuzo mlangoni kwao, barakoa usoni, majirani wakiwa wametoka kutazama. Nilitaja jina lake kwa sauti yangu yote. Mama yake alishika mdomo kwa mikono miwili. Leo msichana yule yuko chuo cha ualimu, na sisemi ni kwa sababu ya kadi. Ni kwa sababu ya kichwa chake na jasho lake. Lakini yeye mwenyewe aliniambia kwamba siku zile alikuwa ameanza kuwaza kuacha shule, na kwamba baada ya majirani kumsikia akiitwa, watatu kati yao walianza kumpokea zamu ya maji. Hayo tu, zamu ya maji, na akapata saa mbili za kusoma kila siku.

Huo ndio ushuhuda wangu. Nimevuka kwa neema ya Mungu, kwa mamangu aliyekubali kunipa Jumamosi alasiri, na kwa mwalimu aliyetazama mahali ambapo wengine hawakutazama. Wewe unayesoma, iwe ni Sarang'ombe, Kawangware au popote ulipo, unamjua mtu wa namna hiyo. Ni dada mkubwa anayelea, ni kijana aliyeacha shule akaenda mjengo, ni golikipa wa timu ya mtaa, ni muuguzi wa zahanati anayebaki zamu ikiisha. Usingoje awe maarufu, wala usingoje mazishi. Huhitaji ruhusa ya mtu, na zawadi haihitaji kuwa kubwa. Waite majirani, msimamishe aliyesimama nyuma, taja jina lake lote na useme hasa alichokifanya. Halafu umuulize ni mzigo gani mwingine unaweza kumpokea, na uupokee.